Vumbi la Makaa, na Neno Tulilolisahau



Wasomaji wetu watukufu, akina mama na mabinti, nanyi waume mnaosomewa kurasa hizi baada ya chakula cha Ijumaa: makala haya tuliyaahidi zamani, na kuchelewa kwake kuna sababu moja, nayo ni aibu. Tunalo jambo la kuwafundisha lenye manufaa kwa kila nyumba inayonunua makaa, iwe Mombasa, Lamu, Malindi au Nairobi. Lakini ndani ya jambo hilo limo kosa tulilolitenda wenyewe, na haitakuwa uaminifu kuwapa faida na kuwaficha hasara. Basi tutayaeleza yote mawili kwa mpango wake, na tunamwomba msomaji asiishie katikati.

NYUMBA YA MPWA WETU

Asiyepajua Dagoretti Corner na ajue kwamba ni mahali ambapo barabara ya Ngong, itokayo katikati ya mji wa Nairobi kuelekea magharibi, hukutana na barabara ya Naivasha iendayo Kawangware. Si soko la Dagoretti lenyewe, ambalo liko mbele zaidi. Wageni wengi huyachanganya majina hayo mawili wakapotea, nasi tuliwahi kuwa miongoni mwao. Kandokando ya barabara ya Ngong mafundi seremala hupanga vitanda, makabati na viti vyao mbele ya wapita njia. Hapo pia ndipo yalipo makao makuu ya idara ya serikali inayopima hali ya hewa, na mwenyeji mmoja alitufanyia mzaha kwamba baridi yote ya Kenya hupimwa kwao kisha huachwa kwao.

Mpwa wetu, binti wa dada yetu, aliolewa huko na mmoja wa mafundi hao, na kila tuendapo Nairobi kwa shughuli zetu hufikia kwake. Wana vyumba viwili vya kupanga katika ploti yenye wapangaji wengi, ua mmoja na bomba moja. Sisi watu wa pwani tumelelewa na joto. Pale ni karibu mita 1,800 juu ya bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti mawingu hulala juu ya mapaa siku nyingi bila jua kuonekana.

Katika nyumba kama hiyo moto ni gharama ya kila siku. Mtungi wa gesi upo, lakini ukiisha katikati ya mwezi hubaki kuwa pambo. Mafuta ya taa yalikuwa kimbilio la wengi mpaka Septemba 2018, serikali ilipoyaongezea ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita. Mwaka huo huo, mwezi wa Februari, ukataji wa miti katika misitu ya umma ulikuwa umesimamishwa, na bei ya makaa ikapanda. Mama wa nyumba akawa kila upande anaogeukia anakutana na bei mpya. Mpwa wetu alitueleza kwamba zipo siku alizochagua kupika chakula kinachoiva upesi, si kwa kuwa watoto wanakipenda, bali kwa kuwa maharagwe yangekula makaa ya siku mbili.

Siku moja tulitumwa tununue makaa ya mkebe mmoja kwa mama auzaye karibu na njia panda. Tulipofika tulimkuta anafagia kibanda chake, na yale aliyoyafagia, chenga na vumbi jeusi la kujaza gunia, alikuwa akiyamwaga mtaroni. Tukamuuliza kama vumbi lile lina mwenyewe. Akacheka akasema, "Chukua, Mzee, utakuwa umenisaidia kufagia."

Tulibeba nusu gunia. Mpwa wetu alipotuona mlangoni, kanzu imekuwa ya rangi mbili, alishika kiuno. "Mjomba, umetumwa makaa ukaleta masizi?"

MAKAA YALIYOMO NDANI YA VUMBI

Vumbi lile si uchafu. Ni makaa yale yale yaliyolipiwa, isipokuwa yamevunjika njiani, tangu yalipotolewa tanuruni mpaka yalipomwagwa kibandani. Mti ulikatwa kwa ajili yake kama ulivyokatwa kwa ajili ya vipande vikubwa. Kulitupa ni kukata mti na kuuacha uoze, na wasomaji wetu hawahitaji kukumbushwa jinsi ubadhirifu ulivyokemewa katika Surat al-Isra.

Wala hili si jambo tulilolibuni sisi. Dkt. Mary Njenga, mtafiti wa Kenya, pamoja na wenzake, waliyachunguza makaa ya vumbi yanayotengenezwa na vikundi vya mitaa ya Nairobi. Mchanganyiko mmoja walioupima ulikuwa vumbi la makaa sehemu nne kwa udongo sehemu moja. Walipika mahindi na maharagwe ya nyumba ya watu watano wakahesabu gharama ya moto kwa bei za wakati ule: shilingi 3 kwa makaa ya vumbi, shilingi 26 kwa makaa ya kawaida, na shilingi 45 kwa mafuta ya taa. Bei hizo zimekwisha kupita, lakini tofauti iliyomo baina yake bado inazungumza. Walipima vilevile hewa ya jikoni, wakakuta kwamba ile yenye madhara imepungua kuliko ilivyo kwa makaa ya kawaida. Neno hilo, "imepungua", msomaji alitie akilini, kwani tutalirudia.

NAMNA YA KUYATENGENEZA

Tulijifunza kwa kujaribu, uani kwa mpwa wetu, tukaharibu mafungu mawili kabla ya kupata la tatu. Jirani wakaja kutazama, kisha wakaja kuuliza, na mwishowe tukawakusanya akina mama wapatao kumi na wawili siku ya Jumamosi, baada ya darsa yao ya kawaida, tukawaonyesha. Tuliyowaonyesha ni haya.

Kwanza, pepeta vumbi kwa chekecheke. Toa mawe, vipande vya chupa na hasa plastiki, kwa kuwa plastiki ikiungua hutoa moshi wa sumu. Chenga kubwa zitwange mpaka zilainike.

Pili, tafuta kishikizo, yaani kitu cha kulishika vumbi lisitawanyike. Nairobi udongo mwekundu unatosha: makopo manne ya vumbi kwa kopo moja la udongo uliochekechwa. Ukizidisha udongo, bonge litakuwa gumu kama tofali na halitawaka. Ukipunguza, litavunjika mkononi. Asiye na udongo mzuri aloweke karatasi kuukuu usiku kucha, azipondeponde mpaka ziwe kama uji, kisha achanganye. Wengine hutumia uji mwepesi wa muhogo, nasi twasema muhogo unaofaa kuliwa uliwe. Kwa kazi hii tumia unga uliokwisha haribika.

Tatu, tia maji kidogo kidogo huku ukikanda. Kipimo chake ni hiki: ukilifinya fumba likabaki na alama za vidole bila kudondosha maji, limekuwa tayari.

Nne, viringisha mabonge, si madogo kama kaimati wala makubwa kama dafu, bali kiasi cha chungwa. Mabonge yakilingana ukubwa hukauka pamoja na huwaka pamoja.

Tano, yaanike. Penye jua kali siku tatu au nne zatosha. Katika baridi ya Dagoretti Corner yalituchukua zaidi ya juma moja, chini ya kipande cha bati, yameinuliwa juu ya mbao ili upepo upite chini yake. Vunja moja utazame: likiwa na unyevu ndani, subiri. Bonge bichi hufuka moshi na kuzima, na fungu letu la kwanza liliharibika kwa pupa hiyo.

Sita, kuyawasha. Weka makaa machache ya kawaida chini, yakishika moto panga mabonge juu yake na kuacha nafasi ya hewa. Hayawaki upesi, na yakishawaka usiyachokore, maana yatabomoka. Moto wake ni wa taratibu na wa kudumu. Unafaa maharagwe, mbaazi za nazi, pure na nyama ngumu. Haufai mahamri, kwa sababu mafuta ya kukaangia hutaka moto mkali. Aidha, yatumie katika jiko lenye udongo wa kuchomwa ndani, lile lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, ambalo wazo lake lilitoka katika jiko la Thailand. Udongo ule hulihifadhi joto, na kwa hivyo hula makaa machache kuliko jiko la bati tupu.

Basi hapo ndipo tulipoishia siku ile. Tulimaliza kwa kuwaambia akina mama, kwa furaha ya mtu aliyeona kazi yake imefaulu, kwamba makaa haya yakishakolea hayana moshi, na kwamba asipoteze mtu hata joto lake. Tukasoma dua, tukanywa chai, tukarudi pwani.

USIKU WA JULAI

Miongoni mwa akina mama wale alikuwamo mmoja, mzaliwa wa pwani kama sisi, mwenye watoto wawili. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu, na hukaa nje majuma kwa majuma. Yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi wetu hodari kuliko wote. Ndani ya miezi miwili alikuwa amekwisha jaza magunia matatu, na mengine akawauzia jirani.

Usiku mmoja wa Julai alipika mbaazi kibarazani. Chakula kilipoiva, mabonge yalikuwa bado mekundu, yametulia, bila moshi wowote. Baridi ilikuwa kali, na mtoto mdogo alikuwa akikohoa. Mama akaona ni israfu kuuacha moto mzuri kama ule ufe nje peke yake. Akaliingiza jiko chumbani, akafunga dirisha, akaziba upenyo wa chini ya mlango kwa kanga iliyokunjwa ili baridi isiingie, akalala na wanawe.

Kilichomwamsha ni mtoto mkubwa kutapika. Alipojaribu kusimama miguu ilimkataa, na kichwa, kwa maneno yake mwenyewe, kilikuwa kama kinapigwa kwa mchi. Alitambaa mpaka mlangoni, akaufungua, akaanguka kizingitini nusu ndani nusu nje. Jirani mmoja, kijana asiye wa dini yetu, alikuwa akitoka kwenda kazini saa kumi na moja alfajiri. Alimwona, akaita watu, wakawatoa watoto uani na kuwakimbiza hospitali. Walitiwa hewa ya oksijeni, na baada ya siku mbili wote watatu walirudi nyumbani. Alhamdulillahi.

Habari zilitufikia kwa simu ya mpwa wetu. Juma lililofuata tulikuwa Nairobi. Tulimkuta yule mama ameketi kibarazani, watoto wanacheza miguuni pake, na jiko limegeuzwa juu chini kando ya ukuta. Hakutulaumu. Alituuliza tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua alipokosea:

"Sheikh, si ulituambia makaa haya hayana moshi?"

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumesema hivyo, na tulikuwa tumesema pia asipoteze mtu hata joto lake. Alikuwa ameyashika maneno yetu yote mawili na kuyatii kuliko mtu yeyote, na utii huo ulikaribia kuwaua watoto wake.

NENO TULILOLISAHAU

Sasa tunalisema, na tunaomba lisomwe kwa sauti mbele ya nyumba nzima. Makaa yoyote yawakapo, ya mti, ya vumbi au ya vifuu, hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Huzidi pale ambapo moto haupati hewa ya kutosha, na chumba kilichofungwa ni mahali hapo hasa. Mtu akiivuta hushikamana na damu yake na kuchukua nafasi ya oksijeni, na mwili ukakosa kile unachokiishia ingawa kifua kinapanda na kushuka. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea viungo na usingizi mzito. Watu huzidhania kuwa ni malaria au chakula kibaya, wakalala tena, na wengine hawaamki. Watoto, wajawazito na wenye maradhi ya moyo hudhurika mapema zaidi.

Moshi ni kitu kimoja na sumu hii ni kitu kingine. Moshi ukiisha macho hupumzika, na kwa sababu hiyo mtu huona sasa ni salama. Watafiti tuliowataja walisema hewa yenye madhara imepungua, hawakusema imekwisha. Sisi ndio tuliolichukua neno "imepungua" tukaligeuza kuwa "hakuna".

Na lililotuumiza zaidi ni kwamba tulikuwa na mafunzo haya mikononi mwetu tangu utotoni. Imepokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku pamoja na watu wake, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopata habari aliueleza moto kuwa ni adui, akaamrisha uzimwe kabla ya kulala. Tumeisomesha hadithi hiyo madrasani zaidi ya miaka ishirini. Siku ile uani tulikumbuka kemeo la ubadhirifu tukasahau amri ya kuzima moto. Anayemfundisha mtu kuwasha na asimfundishe kuzima amemfundisha nusu, na nusu hiyo yaweza kuwa hatari kuliko ujinga.

Kwa hivyo hatua ya saba, ambayo sasa tunaifundisha kabla ya zile sita, ni hii. Jiko la makaa liwashwe nje, na lipikiwe nje au mahali palipo wazi pande mbili. Mvua ikilazimisha kupika ndani, mlango na dirisha viwe wazi kweli, si upenyo wa kidole. Jiko lisilale chumbani na watu hata kama limebaki majivu mekundu kidogo tu. Baridi ikizidi, ongeza blanketi, chemsha maji ujaze chupa na kuikumbatia, laza watoto pamoja. Joto la jiko lisitafutwe usiku. Joto linalobaki baada ya kupika litumie kuchemshia maji ya kuoga au ya udhu wa alfajiri, jiko likiwa nje, kisha zima. Na mtu akipatwa na dalili tulizozitaja, usimpe maziwa wala usipoteze muda kumpepea: mtoe nje penye hewa, kisha mpeleke hospitali mara moja, na uwaambie waganga kwamba palikuwa na jiko ndani.

MASWALI TULIYOULIZWA

Tangu habari hizi zienee, tumepokea maswali mengi juu ya moto wa kujitengenezea, nasi tutayajibu machache.

Mama mmoja wa Kawangware ameuliza kama unga wa mbao wa mafundi wa barabara ya Ngong wafaa kutumiwa badala ya vumbi la makaa. Jawabu ni kwamba unga wa mbao haujachomwa bado, kwa hiyo hutoa moshi mwingi, na si badala ya makaa. Zaidi ya hayo, ule utokao katika mbao zilizotiwa dawa, zilizopakwa rangi au zilizogandishwa kwa gundi ni sumu jikoni. Mume wa mpwa wetu, ambaye ni fundi, asema hata yeye hawezi kutambua ni upi safi ukishachanganyika sakafuni.

Mwingine ameuliza juu ya gesi ya samadi. Hiyo ni neema kwa mwenye ng'ombe na ardhi, kwani mtambo wake hutaka samadi na maji kila siku. Katika machinjio ya Nyongara, huko soko la Dagoretti, na yale ya Keekonyokie, huko Kiserian, taka za machinjioni zimetumiwa kutengeneza gesi hiyo. Mpangaji wa chumba kimoja hana pa kuchimba shimo. Ama kuhusu tohara, chakula hakigusani na samadi. Baina yake mna bomba, moto na sufuria. Mafakihi walizungumzia chakula kilichopikwa kwa moto wa samadi tangu zamani, nasi hatuoni uzito kwa mwenye kuipikia.

Kijana mmoja wa Malindi ametaka kugeuza mafuta yaliyokaangiwa viazi yawe dizeli nyumbani. Tunamnasihi aache. Kazi hiyo hutaka methanoli, ambayo humpofusha na kumuua mtu akiinywa na mvuke wake hushika moto, na pia magadi makali yanayounguza ngozi na macho. Si kazi ya jikoni penye watoto. Na wazee wa Kwale na Malindi wanakumbuka mbono ulivyosifiwa miaka ya 2000 kwamba utamwaga mafuta hata katika ardhi kavu. Utafiti uliofanywa kwa wakulima wadogo wa Kenya mwaka 2009 ulionyesha kwamba mavuno yake hayakuwalipa, isipokuwa mti upandwe uwe ua, kama mababu zetu walivyoupanda.

Wasomaji wa Kilifi, Kwale na visiwani wana hazina iliyo bora kuliko hayo, nayo ni vifuu. Jaza vifuu vikavu katika pipa la chuma, mahali pa wazi mbali na makuti, uviwashe. Moshi mzito mweupe ukipungua na kuwa mwembamba, funika pipa kwa bati na uzibe pembeni kwa mchanga hewa isiingie. Liache mpaka kesho. Ukilifunua likiwa moto, makaa yatawaka upya. Kisha twanga, na ufuate hatua zile zile. Kila gunia la vifuu ni mzigo mmoja wa kuni ambao haukukatwa katika mikoko. Wenyeji wa Gazi, huko Kwale, wanailinda mikoko yao chini ya mpango wa Mikoko Pamoja tangu mwaka 2013, na fedha zitokanazo zimewapatia maji na vitabu vya shule.

KAPU LA JOTO, NA MAJI YA UDHU

Tumalizie kwa mambo mawili yasiyo na moto kabisa. La kwanza ni kapu la joto. Chukua kapu kubwa, litandike ndani kwa nguo kuukuu au pamba unene wa kiganja, na ushone mto wa kulifunikia. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha yachemshe kwa nguvu nusu saa, kisha sufuria, ikiwa imejaa na imefunikwa barabara, iingie kapuni na kufukiwa kwa saa nne. Hutakiwi kufunuafunua. Wali huchemka dakika tano ukakaa kapuni saa moja. Chakula kikitoka kikiwa vuguvugu tu, kichemshe tena kabla ya kula. Mwezi wa Ramadhani kapu hili ni rafiki mkubwa: chakula cha daku kinachoingia kapuni usiku hukupunguzia kuwasha jiko gizani watoto wakiwa wamelala.

La pili ni maji. Mtume alikuwa akitawadha kwa kiasi cha mudi moja, ambayo haifiki lita moja, nasi tunafungua bomba likamwagika ndoo nzima. Kinga beseni chini ya mikono yako. Maji yaliyokwisha kutumika kwa faradhi ya udhu, katika madhehebu yetu ya Shafi, hayafai kutawadhia tena, lakini sukuma wiki haina madhehebu. Gunia moja la udongo lililotobolewa pembeni na kupandwa mboga, likiegemezwa ukutani, hunyweshwa na udhu wa nyumba moja.

Wasomaji wetu, hatukuacha kufundisha makaa ya vumbi. Tulifikiri kuacha, na aliyetuzuia ni yule mama mwenyewe. Alisema njaa ya moto bado ipo, na watu watayatengeneza kwa kuonana tu, wakiwa hawajaambiwa. Basi Jumamosi, akina mama wanapokutana uani Dagoretti Corner, yeye ndiye huanza. Kabla vumbi halijamwagwa chekecheke, hulibeba jiko tupu, huliweka nje ya mlango mbele ya macho ya wote, na huwauliza wageni: "Usiku hili linalala wapi?" Hawaruhusu waguse vumbi mpaka wajibu.

Twamwomba Mola azihifadhi nyumba zenu na watoto wenu, na atusamehe tulipopungukiwa.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.